Mgeni Anayekuja Kutazama Ndege

Mazungumzo kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Utalii wa Mombasa ukitajwa, watu hufikiria Fort Jesus, fuo za Nyali na mahoteli makubwa. Ni nadra kumsikia mtu akitaja Mwakirunge, Junda, Mikindani au Mtongwe. Hata hivyo kuna mgeni ambaye ufuo wenye kelele haumvutii. Anatafuta nyumba tulivu shambani, chandarua kisicho na matundu, chai kabla jua halijachomoza, na mwenyeji wa kumwonyesha ndege. Hubeba darubini na daftari, hulala siku tatu nne, hula anachopikiwa. Wengine hutoka Ulaya, lakini wapo pia wanaotoka Nairobi na hata kisiwani Mvita kwa mapumziko ya wikendi.

Upande wa bara umezungukwa na mikono mitatu ya bahari: Mtwapa kaskazini, Tudor katikati, na Port Reitz kati ya Changamwe na Likoni. Maji yakipwa hubaki tope, na wengi hulidharau. Tope hilo limejaa minyoo, kaa wadogo na chaza, na ndicho chakula cha ndege wanaosafiri maelfu ya kilomita. Kuanzia Agosti hufika vikundi vya ndege wadogo wa pwani ambao baadhi yao wametaga mayai kaskazini kabisa mwa Urusi, karibu na barafu. Hukaa hapa hadi Aprili. Pamoja nao huja sululu, ambaye mdomo wake mrefu umepinda kama chombo cha kuchimbia kinachoitwa jina hilohilo. Yangeyange, korongo na mdiria huonekana mwaka mzima.

Mvuvi yeyote wa Jomvu Kuu anajua jambo ambalo mgeni hulipa ili aonyeshwe: ndege hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Saa nne ndege wako mbali, wametawanyika kwenye tope, na hata mwenye darubini nzuri huona vidoadoa tu. Lakini kuanzia saa nane mchana maji yanapopanda, husukumwa kidogo kidogo kuja nchi kavu, mpaka wanajazana kwenye ukingo mwembamba au juu ya matawi ya mchu. Hapo mgeni aketi kimya, aletewe dafu lake, atazame. Siku za maji mafu mambo hubadilika, na ndiyo sababu kijana wa mtaani anayejua maji ana thamani kuliko kitabu cha picha.

Kwa wanaotaka mfano, upo Watamu, safari ya kama saa mbili kutoka hapa. Shirika la A Rocha Kenya lina nyumba ya wageni iitwayo Mwamba, ambako watu hulala na kutoka asubuhi kwenda kutazama ndege Mida na katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Kule Mida kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na mgeni hulipa kiingilio. Chini ya mpango wa ASSETS, ulioanza mwaka 2001, fedha za wageni husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu huo na mkono wa bahari wa Mida. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka kwa ndege hahitaji kuhutubiwa kuhusu kukata mikoko.

Kisauni nayo si mikono mitupu. Machimbo ya mawe ya Bamburi yalikuwa jangwa la matumbawe hadi Dkt. René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Leo panaitwa Haller Park. Nguuni, sehemu ya mikoma na madimbwi karibu na Kiembeni, inajulikana kwa twiga na mbuni, lakini wapenda ndege huenda huko jioni kwa ajili ya ndege wa majini. Familia yenye chumba cha ziada Kiembeni au Mwakirunge iko karibu na hayo yote kuliko hoteli nyingi.

Sasa, yanayoweza kuharibu biashara hii kabla haijaanza.

La kwanza ni kunguru. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku pia, kama akina mama wanavyojua vizuri. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kunguru milioni moja. Sumu ya kazi hiyo hutumiwa na wataalamu peke yao. Mtu asijaribu kutega yake nyumbani, maana itaua paka, kuku, na pengine mtoto. Mkazi anachoweza kufanya ni kufunika taka. Jalala lililo wazi nyuma ya nyumba ni jiko la kunguru.

La pili ni mikoko. Tangu mwaka 1932 mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali, na kuikata bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu ni kosa. Port Reitz imeumia: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi uliofukia mikoko ya Mwache, kisha mwaka 2005 mafuta ya meli yakamwagika. Mkoko huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo anayeukata leo kwa kuni anauza mandhari ya nyumba yake mwenyewe.

La tatu ni usumbufu. Machi na Aprili ndege hula mchana kutwa wajaze mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Wakifukuzwa na mbwa, au na mpiga picha anayetaka kusogea zaidi, huchoma akiba hiyo bure. Mwenyeji ana haki ya kumwambia mgeni wake, kwa adabu, arudi nyuma.

Kuhusu nyumba yenyewe, marumaru hayahitajiki. Paa la makuti linatosha kama halivuji. Choo kiwe safi, maji yawepo kwenye tangi hata mfereji ukikauka, na mpishi awe na cheti cha afya. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, samaki wa kupaka jioni. Anayelaza wageni kwa malipo anahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na pia kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ni vyema kuuliza kwanza katika ofisi ya kaunti ndogo kabla ya kununua godoro hata moja. Nyumba ikiwa tayari Julai, itawahi ndege wa Agosti.