Kabla ya kuilaumu televisheni, tazama waya

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili sitazungumzia bei ya sukari wala foleni za magari. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichojificha nyuma ya televisheni yako, kitu usichokitazama mpaka siku picha inapokatika. Kitu hicho ni waya. Na sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye mgahawa mdogo, alikuwa na televisheni ukutani iliyounganishwa na kebo. Asubuhi wateja walikuja kwa ajili ya chai na chapati. Jioni walikuja kwa ajili ya mpira, na kwa kuwa wamekaa, wakanywa chai na soda. Masika yalipoanza, picha nayo ikaanza kuganda. Mchezaji anainua mguu apige penalti, anabaki hivyo hivyo mguu hewani. Picha inaporudi, mpira umeshawekwa kati na hakuna anayejua aliyefunga. Wateja waliguna siku mbili, siku ya tatu wakahamia mgahawa wa ng'ambo ya barabara.

Mama yule akaniuliza, "Mzee, wewe unayesema redioni kila wiki, hebu niambie hii televisheni ina nini?" Nami, bila hata kuinuka kwenye kiti, nikamjibu kwamba televisheni imezeeka, anunue nyingine. Akaniamini. Akachukua fedha alizokuwa akiweka kwa ajili ya friji, akanunua televisheni mpya, na ile ya zamani akaiuza kwa bei ya kutupa. Jioni ya kwanza ya mpira, picha ikaganda vilevile.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuinama. Aliyeinama ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa redio, ambaye aliitwa baada ya fedha kwisha. Alichokifanya kijana huyo ndicho ninachotaka mkisikie leo, maana hakikuhitaji mashine ya ajabu. Kilihitaji utaratibu tu.

Kwanza alitoka nje akauliza jirani wa kushoto na wa kulia kama nao picha zao zinaganda. Wakasema hapana. Kwa swali hilo moja, ambalo halikumgharimu hata senti, alijua kwamba mitambo ya wenye kebo ni mizima na ugonjwa uko kwenye njia ya nyumba ile peke yake. Kama majirani wote wangekuwa gizani, angewaambia wenye kebo na kwenda zake.

Pili, alichukua rimoti akahakikisha televisheni inasoma mahali waya ulipochomekwa. Msicheke. Televisheni za siku hizi zina matundu mengi nyuma, na mtoto akibonyeza kitufe kimoja tu, kioo kitaandika kwamba hakuna mawimbi ilhali mawimbi yapo tele mlangoni. Wako mafundi wanaolipwa kwa kubonyeza kitufe hicho. Akazima king'amuzi, akachomoa plagi yake ukutani, akangoja kama dakika moja, akachomeka tena. Haikusaidia.

Tatu, na hapa ndipo penye elimu, aliikata njia katikati. Simaanishi kwa kisu, ninamaanisha kwa akili. Akabeba televisheni na king'amuzi mpaka dirishani, pale waya unapoingia ndani, akaunganisha hapo hapo kwa kipande kifupi cha waya alichojua ni kizima. Picha ikaganda. Basi, akasema, waya wa ndani tumeshausamehe, ugonjwa uko kati ya dirisha na nguzo. Kama picha ingetulia pale dirishani, angejua ugonjwa uko ndani. Kila jaribio liliondoa nusu ya shaka. Na kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, kwa sababu ukibadilisha vitatu kwa pamoja na picha ikapona, hutajua kilichoiponya.

Sasa ndugu msikilizaji, tuutazame waya wenyewe. Waya wa kebo si kama waya wa taa. Katikati unapita uzi mmoja wa shaba, au wa chuma kilichopakwa shaba. Uzi huo umezungukwa na plastiki nyeupe, plastiki nayo imevikwa karatasi nyembamba ya aluminiamu na wavu wa nyuzi za madini, na juu ya vyote kuna gamba la nje. Mwingereza Oliver Heaviside alipewa hataza ya waya wa namna hiyo mwaka 1880, kabla televisheni haijakuwapo. Mawimbi husafiri baina ya uzi wa kati na ule wavu. Wavu una kazi mbili, kuyazuia mawimbi yako yasitoke nje, na kuyazuia ya wengine yasiingie ndani. Ukichanika au ukilegea kwenye kiungo, hata mawimbi ya simu za mkononi hupata mwanya wa kupenya.

Waya huo ndio uliozaa televisheni ya kebo. Mwaka 1948 huko Marekani, katika miji iliyozibwa na milima kama ile ya jimbo la Pennsylvania, watu waliweka antena juu ya mlima wakateremsha waya mpaka majumbani. Kwetu nako, kwenye miji ya bara, utaona waya hizo zikipita juu ya mapaa kutoka nguzo hadi nguzo. Ni mfereji wa mawimbi, na mfereji wowote huvuja kwenye viungo.

Zamani uvujaji huo ulijionyesha mapema. Wenye umri wangu wanazikumbuka chenga. Mawimbi yakipungua kidogo, chenga kidogo. Yakipungua sana, chenga tupu, lakini bado ulimwona mtu akipita kama kwenye ukungu. Tangu tulipoanza kuzima mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumeingia dijitali, na dijitali haina tabia hiyo. Picha ni safi, safi, safi, kisha ghafla inavunjika vipande au inaganda. Waya unaweza kuoza miezi mingi bila wewe kuona lolote, halafu mvua moja ikaumaliza. Ndiyo maana tunadhani mashine imekufa ghafla, kumbe waya ulikuwa mgonjwa siku nyingi.

Turudi mgahawani. Kijana akaweka ngazi ukutani akapanda mpaka ukingoni mwa paa. Akakuta kwamba zamani mtu fulani alitaka televisheni ya pili chumbani, na badala ya kununua kigawanyo, kile mafundi wanachokiita spilita, alikata waya, akasokota nyuzi kwa vidole, akafunika kwa kipande cha mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Humo ndimo maji ya mvua yalimoingia. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na plastiki nyeupe imekuwa kahawia.

Tena hata spilita nzuri haigawi bure. Ikiwa na midomo miwili, kila mdomo unapata nusu ya nguvu, na yenyewe inakula kidogo. Ikiwa na midomo minne, kila mmoja unapata robo au pungufu. Mtu anayeweka spilita juu ya spilita, kisha akanunua busta kuongeza nguvu, ni kama anayeongeza maji kwenye mchuzi uliokwisha haribika. Busta huikuza picha pamoja na uchafu wake. Mahali pa busta ni kabla ya mawimbi kudhoofika.

Lakini kijana hakugusa kile kiungo mara moja. Alitoa mfukoni bisibisi yake yenye taa, ile testa ya umeme, akaigusisha kwenye wavu wa waya. Taa ikawaka.

Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, nami sikuelewa. Waya wa televisheni na umeme wapi na wapi? Akashuka, akachomoa plagi zote za mgahawa, akapanda tena. Taa ikawaka vilevile. Akasema, "Mzee, umeme huu si wa hapa. Unakuja na waya." Akakataa kuendelea.

Wasikilizaji, hapo naomba mtege masikio. Wavu wa kebo ni madini, na umeunganisha nyumba yako na za wenzako. Nyumba moja ikiwa na hitilafu, mathalani waya wa nyutro umekatika au umelegea, na ethi hakuna, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na wavu wa kebo ni njia nzuri sana. Ni kweli kwamba vyombo vingi vyenye plagi ya miguu miwili huvujisha umeme kidogo unaotekenya vidole tu. Lakini kidole chako hakiwezi kukuambia kama huo ni mtekenyo au ni kifo. Ukihisi ganzi unaposhika kichwa cha waya wa kebo, usimcheke anayeogopa, wala usijaribu mara ya pili. Waweke watoto mbali, usiguse chochote, waite fundi wa umeme mwenye leseni na wenye kebo. Kumbuka pia kwamba kuzima swichi kuu ya nyumbani kwako hakutoshi, kwa maana umeme wenyewe si wako.

Siku ya pili fundi wa umeme alifuata ule waya, na nyumba ya tatu akakuta nyutro imelegea. Katika nyumba hiyo, watoto walikuwa wakichomoa na kuchomeka waya wa kebo kila siku wapate katuni. Tulikaa kimya kitambo. Tulidhani tunatafuta ugonjwa wa picha, kumbe tulikuwa tumefika mlangoni pa msiba.

Nyutro ilipokwisha kukazwa na testa haikuwaka tena, kijana alimaliza kazi yake kwa muda mfupi. Alikata kipande kilichooza mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa. Akafunga vichwa vipya vyenye nati, akahakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa uzi wa kati, maana ukigusa, mawimbi yanakufa pale pale. Waya uliochakaa akaubadilisha kwa mwingine ulioandikwa RG-6 ubavuni, kwa sababu ule mwembamba wa RG-59 hupoteza mawimbi zaidi kwenye safari ndefu. Kabla ya waya kuingia dirishani akaulegeza ukaning'inia kidogo kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya mpaka ndani. Chumbani hakukuwa tena na televisheni, kwa hiyo tawi lile akaliondoa kabisa. Jioni ile penalti ikapigwa, na sote tukaona ilipokwenda.

Wenye madishi nao wana neno lao. Waya wa dishi hupandisha umeme mdogo, kati ya volti 13 na 18, kwenda kwenye kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Zima king'amuzi na uchomoe plagi kabla ya kufungua nati yoyote, la sivyo nyuzi zikigusana unaweza kukiunguza. Na sote, wa kebo na wa dishi, wingu la radi likionekana kwa mbali, tuchomoe plagi ya umeme na waya wa mawimbi pia. Tufanye hivyo mapema. Radi ikishafika juu ya nyumba, kaa mbali na waya zote.

Ninalo neno kwa mafundi. Fundi anayemwambia mteja "hii imekufa, nunua nyingine" bila kuugusa waya, huyo si fundi, ni dalali. Ninalo neno kwa wenye kebo pia. Viungo vilivyoko juu ya nguzo ni vyenu, wala mteja hana ruhusa ya kuvipanda. Mkipigiwa simu, njooni. Na mteja ambaye amelalamika kwao bila kusikilizwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hiyo ni haki yake.

Neno la mwisho ni langu mwenyewe. Nilitoa hukumu nikiwa nimeketi, na gharama akailipa mwingine. Nimeanza kumrudishia mama yule sehemu ya fedha za friji yake, kidogo kidogo, na anaendelea kunipa chai, ingawa sasa hivi haniulizi tena habari za mitambo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba kabla ya kujenga ukuta mpya, inama kwanza utafute ufa ulipo.