Usugu wa Dawa kwa Wanyamapori na Wajibu Wetu wa Haki



Mada niliyopewa leo huenda imewashangaza baadhi yenu. Katika semina zetu tumezoea kuzungumzia ardhi, mishahara, mirathi ya wajane na mahabusu ambao kesi zao hazisikilizwi. Leo nimeombwa niseme juu ya bakteria wanaobebwa na wanyamapori, ambao dawa zetu haziwaui tena. Mimi ni padre, si daktari wala bwana mifugo. Hata hivyo, baada ya kusoma yale ambayo wataalamu wameyachapisha, nimeridhika kwamba jambo hili ni la haki kama yale mengine. Nitaeleza kwanza usugu ni nini, kisha yaliyoonekana kwa wanyama, na mwisho wajibu unamwangukia nani.

1. Usugu ni nini?

Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aligundua penisilini, na tangu dawa hiyo ilipoanza kutumika watu wasiohesabika wameokolewa. Mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobeli, Fleming mwenyewe alionya kwamba mtu akitumia dawa hiyo kwa kiasi kisichotosha, atawaacha hai bakteria ambao baadaye haitawaweza.

Jambo lenyewe huenda hivi. Dawa inapoingia mwilini huua kwanza bakteria walio dhaifu. Wachache wenye uwezo wa kuistahimili husalia, na kwa kuwa wenzao wamekwisha kufa, hupata nafasi na chakula chote. Bakteria wa utumbo aitwaye E. koli, akiwa katika hali nzuri, huweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Basi mmoja aliyesalia asubuhi anaweza kuwa mamilioni kabla ya jioni. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana uwezo huo wao kwa wao, hata kati ya aina moja na nyingine, mithili ya jirani anayemwazima jirani ufunguo wa bandia.

Wala mambo hayaishii mwilini mwa mgonjwa. Sehemu kubwa ya baadhi ya dawa, kama vile amoksilini, hutoka katika mkojo ikiwa bado na nguvu. Pamoja nayo hutoka bakteria sugu katika kinyesi. Pasipo na choo kizuri, vyote hivyo huingia ardhini, kijitoni na jalalani, na huko ndiko wanyama wanakokunywa na kula.

2. Yaliyoonekana kwa wanyama

Kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya, ipo hifadhi ya Amboseli. Mwaka 1985 wataalamu walichapisha uchunguzi wa makundi matatu ya nyani. Makundi mawili yaliishi porini yakikutana na watu kwa nadra au pasipo kukutana nao kabisa. Kundi la tatu lilikula kila siku takataka za binadamu. Katika kundi hilo la tatu, bakteria sugu walikuwa wengi zaidi kuliko katika yale mawili mengine. Nyani hao hawakuandikiwa dawa na daktari yeyote. Walipata usugu huo kwa kuishi karibu nasi na kula tulivyotupa.

Hapa kwetu, katika Hifadhi ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba usugu dhidi ya dawa za salfa ulipatikana kwa watu, kwa mifugo, kwa nyani na hata kwa sokwe, na pia katika maji ya vijito. Na katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sokwe wakubwa wa milimani, yaani magorila, walioishi karibu zaidi na watu na mifugo, walikuwa na bakteria wa utumbo waliofanana zaidi na wale wa watu na mifugo hiyo.

Nisifiche kwamba mambo yana upande mwingine. Huko Ulaya, kalunguyeye wengi hubeba bakteria wa ngozi walio sugu kwa dawa iitwayo methisilini, ambayo ilianza kutumika karibu na mwaka 1960. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba bakteria hao wamekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya binadamu kuwa na dawa hizo. Ngozi ya kalunguyeye ina ukungu unaotoa kitu cha jamii ya penisilini, na bakteria wakajifunza kukistahimili. Kwa hiyo mbegu za usugu zimo katika maumbile tangu zamani. Sisi tumezimwagilia maji kila mahali, kwa haraka na kwa wingi ambao haukuwapo.

3. Nani anayelipa?

Ndugu zangu, mtu akisikia haya anaweza kusema: basi tuwafukuze nyani, tuwaue popo na panya, nasi tutakuwa salama. Kusema hivyo ni kumhukumu shahidi na kumwacha mkosaji. Mnyama hakununua dawa, hakuiuza, wala hakuitupa. Usugu ulio ndani yake unatueleza jinsi tunavyoishi.

Lakini mkosaji ni nani? Hapa nawaomba tuwe waangalifu tusije tukamtwika mzigo aliye mnyonge. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayenunua vidonge vinne badala ya kumi na vitano, kwa sababu hela imekwisha, hatendi hivyo kwa uzembe. Tukimhubiria tu juu ya kumaliza dozi bila kuuliza kwa nini hakuweza kuimaliza, tumemwongezea aibu juu ya umaskini. Wenye uwezo mkubwa zaidi wana wajibu mkubwa zaidi: muuza dawa anayetoa dawa bila cheti kwa ajili ya faida, mfugaji wa kuku wengi anayetia dawa katika maji yao ingawa si wagonjwa, hoteli ya watalii inayoacha jalala wazi, hospitali inayoachia maji yake machafu mtoni, na wenye mamlaka wanaoyaona hayo na kunyamaza.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mwaka 2019 peke yake, wataalamu walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na vifo kwa kulinganisha na idadi ya watu vilikuwa vingi zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara. Asiyeweza kununua dawa ya pili, iliyo ghali zaidi, ndiye anayekufa pale ya kwanza inaposhindwa.

4. Tufanye nini?

Kwanza, katika familia zetu, tutumie dawa hizi kwa maagizo ya mganga tu, tusigawane wala tusiweke akiba ya masalio. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na dawa hizi haziui virusi.

Pili, wafugaji wafuate ushauri wa bwana mifugo, na wangoje siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuuza maziwa, mayai au nyama ya mnyama aliyetibiwa.

Tatu, tujenge vyoo, tufukie takataka mahali ambapo nyani na mbwa hawafiki, na tusitupe dawa zilizobaki chooni au mtoni; tuulize zahanati namna ya kuziteketeza.

Nne, kila jumuiya ifikirie mfuko mdogo wa kumsaidia mgonjwa akamilishe dozi yake. Na kamati zetu ziende kwa viongozi wa kata kuuliza, kwa heshima lakini bila woga, juu ya majalala na maji machafu. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana tutakutana na watu wenye fedha na jina. Hata hivyo ndilo lililotufanya tuwe na tume hii.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni wanyama gani wanaokula jalalani au kunywa maji yenye uchafu wetu?

2. Ni nini kinachowafanya watu wetu wasimalize dozi? Tutofautishe uzembe na umaskini.

3. Ni nani tunayepaswa kumwendea mwezi huu, na tutamwomba afanye nini hasa?