Daftari la Duka la Vikokotoni

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa Kendwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja)

Mji husifiwa kwa majumba yake makubwa, lakini watu wake hujulikana kwa maduka yao madogo. Mgeni afikaye Unguja huonyeshwa Ngome Kongwe na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Ni mara chache kuongozwa hadi upande wa pili, kwenye njia ambako hamali wa bandarini alinunua kibaba cha mchele baada ya kazi ya kutwa. Hata hivyo ni katika njia hizo ndipo umma wa Unguja ulipojifunza hesabu, ulipojifunza subira, na mwishowe ulipojifunza siasa.

Jina lenyewe la Ng'ambo lina historia. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na upande wa mashariki, na daraja lililovuka maji hayo ndilo lililoacha jina la Darajani. Ng'ambo ya maji walikaa wavuvi, watumishi, wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Mkono ule wa bahari ulifukiwa hatua kwa hatua, na mwaka 1904 marikiti kuu ikajengwa Darajani. Maji yakaondoka, lakini mpaka ulibaki katika mifuko ya watu. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari waligoma, na mgomo ukaenea katika mji mzima. Mtaa wa maduka wa Ng'ambo ulikuwa katikati ya mambo yote hayo, kwa kuwa mgomo wowote huanza na kumalizikia katika bei ya chakula.

Yuko mzee mmoja wa hapa hapa Kendwa, ambaye sasa amepita miaka sabini, aliyeijua njia hiyo akiwa mtoto. Alipelekwa mjini mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka saba, akae kwa mjomba wake apate kusoma skuli. Safari ilianza alfajiri kwa ngalawa hadi Mkokotoni, kisha kwa gari la shamba lenye bodi la mbao, baina ya makuti, mihogo na pweza wakavu. Alishuka Darajani na furushi moja la nguo na mafungu mawili ya kamba za usumba, zawadi ya mama yake kwa mkaza mjomba. Kitu cha kwanza kilichomshangaza kilikuwa kelele. Kendwa ilikuwa na sauti moja, ya bahari. Huku kila mtu alikuwa na sauti yake.

Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake. Mchukuzi wa gari la mkono alipaza sauti watu wampishe. Fundi cherehani alikaa barazani akishona kanzu, na mguu wake haukupumzika tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Palikuwa na fundi wa taa za chemli, fundi baiskeli, na kinyozi aliyetundika kioo chake juu ya mti. Wanawake walisimama mbele ya duka la kanga, wakasoma jina la kanga mpya, wakacheka, na aliyeguswa na jina hilo akajifanya hakusoma. Jioni harufu ya mishikaki na bajia ilijaa njia nzima. Mtoto mwenye senti kumi, ile sarafu yenye tundu katikati, alijiona tajiri.

Baina ya maduka hayo lilikuwako moja la Vikokotoni, la mtu mmoja mwenye asili ya Kihindi, ambalo mjomba alilitegemea kwa chakula. Lilikuwa chumba kimoja tu. Magunia ya mchele, unga na sukari yalisimama mlangoni. Pipa la mafuta ya taa lilikaa pembeni, mbali na vyakula. Na juu ya meza palikuwa na mizani, pishi, kibaba, na daftari refu lenye jalada jekundu. Daftari hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya.

Hamali hakulipwa mshahara wa mwezi. Meli zilipokuja kuchukua karafuu alipata kazi. Meli zilipochelewa alirudi nyumbani mikono mitupu. Tumbo halingoji meli. Kwa hiyo mtoto alitumwa dukani na maneno yale yale kila mara: "Mjomba anasema uandike." Mwenye duka aliandika kwa hati ambayo mtoto hakuweza kuisoma, kisha akapima. Mtoto alijifunza kutazama mizani kuliko kutazama peremende. Alijua kwamba kibaba kikipigwa mkono juu hupungua, na kibaba kikitikiswa hujaa zaidi. Alijua pia kwamba bei ya mkopo haikuwa sawa na bei ya fedha taslimu. Huo ulikuwa unyonyaji, na hakuna haja ya kuupamba leo kwa sababu tu umepita. Lakini katika duka hilo hilo, siku mtoto alipougua homa, mwenye duka alimpelekea mkaza mjomba ndimu na sukari bila ya kufungua daftari. Kumbukumbu ya kweli hubeba mambo yote mawili, wala hailitumii moja kulifuta jingine.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na duka jingine, dogo zaidi, la Mwarabu mmoja wa Kimanga aliyeuza tende, haluwa na kahawa. Watoto wakitoka chuoni walipita hapo, naye huwagawia makombo ya haluwa yaliyoshika kwenye sinia. Ndipo zikaja zile zinazoitwa mpaka leo zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na baada yake ugomvi wa vyama ukaingia hata katika kapu la sokoni. Watu waliambiana duka la kununua na duka la kususia. Mjomba, aliyekuwa mfuasi wa Afro-Shirazi tangu mwanzo, hakumpiga mtoto wala hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kuanzia siku hiyo asipite kwa yule Mmanga. Mtoto alitii. Alipita upande wa pili wa njia akiwa ameinamisha kichwa, na yule mzee akamwita kwa jina lake. Hakuitikia. Juni 1961 zikatokea ghasia za uchaguzi ambazo ziliua watu 68. Mapinduzi ya Januari 12, 1964, yalipokwisha, duka lile la tende halikufunguliwa tena. Mzee wa Kendwa amesahau nyuso nyingi za utoto wake, ila hajasahau sauti ile iliyomwita asiitikie.

Mapinduzi yaliuangusha utawala uliomweka mtu wa Ng'ambo chini ya kila mtu. Machi 1964 ardhi ikatangazwa kuwa mali ya serikali, na mwenye kibanda akaacha kuwa mpangaji wa udongo. Wenye maduka wengi wakaanza kufunga na kusafiri. Miongoni mwao alikuwa yule wa Vikokotoni. Habari ikafika kwamba anauza vyombo vyake, na majirani wenye madeni wakafurahi kimyakimya, kwani daftari lingesafiri na madeni yangekufa.

Jioni moja mjomba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akamchukua mtoto, wakaenda dukani. Rafu zilikuwa tupu. Mjomba akauliza deni lake ni kiasi gani. Mwenye duka akafungua daftari jekundu, akajumlisha, akasema shilingi kumi na moja na thumni. Mjomba akahesabu kumi na mbili. Mwenye duka akarudisha thumni, akapiga mstari wa penseli, na wala hapana aliyesema neno la zaidi isipokuwa kuagana. Njiani mtoto, aliyekuwa na miaka kumi na minne na aliyeyajua maneno ya siasa kuliko mjomba wake, akauliza kwa nini mnyonywaji amlipe mnyonyaji. Mjomba akajibu: "Mapinduzi yamefuta kodi ya kiwanja. Neno langu hayakulifuta. Nikianza kwa kumdhulumu huyu, kesho nitamdhulumu nani?"

Swali hilo ndilo urithi aliorudi nao kijana yule Kendwa.

Yaliyofuata katika njia ile yanajulikana. Nyumba nyingi za Ng'ambo zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani, na nyumba ya mjomba ilikuwa miongoni mwazo. Familia za wachukuzi zikapata bomba na umeme, na zikapoteza baraza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, sukari na unga vikawa adimu, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Hapo ikadhihirika kwamba kuondoka kwa mwenye duka peke yake hakumshibishi mnyonge. Lazima pawepo chakula, na lazima anayekigawa awe mwaminifu. Mwaka 1984 milango ya biashara ikafunguliwa tena, na Darajani na Mlandege zikafurika bidhaa kutoka Dubai na kwingineko. Fundi wa chemli hakurudi. Daftari nalo halikurudi, kwa kuwa muuzaji wa leo hamjui mnunuzi wake.

Ndugu vijana, kisa hiki hakikuletwa Kendwa ili wazee wapate kuugua kwa kukumbuka. Kendwa yenyewe sasa ina mtaa wake wa maduka. Tangu miaka ya 1990 mahoteli yamesimama juu ya mchanga ambako kina mama walipiga usumba, na njia ya kwendea pwani imejaa vibanda vya picha za rangi, vikoi na viungo. Wanaouza humo ni wajukuu wa wavuvi, pamoja na vijana waliotoka Pemba, bara na mbali zaidi, kama vile yule mtoto alivyotoka Kendwa kwenda Ng'ambo. Nao wameanza kuambiana nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na kibanda cha nani kipitwe. Wapo pia wanaomtajia mgeni bei mara tatu kwa hoja kwamba mgeni ana fedha. Hoja hiyo si mpya. Mwenye kupiga kibaba mkono juu Vikokotoni aliijua vizuri.

Mtoto anayetumwa leo kununua boflo katika njia ya Kendwa anatazama. Anatazama mizani, anatazama nani anaitwa na nani haitikiwi. Miaka sitini ijayo ataeleza alichokiona, na hapo hapatakuwa na mtu wa kumsahihisha. Kwa hiyo wenye vibanda na wajipange katika ushirika wao, bei ziandikwe wazi, na kijana aliyetoka mbali apewe nafasi ya kupanga meza yake bila ya kuulizwa kabila. Haya hayahitaji fedha za wafadhili, wala hayangoji amri kutoka mjini.

Yule mzee bado hupita katika njia hiyo kila jioni akienda msikitini. Kila anayemwita humwitikia, hata kama hamjui, na husimama mpaka amalize salamu. Vijana humwona ni mzee mwenye maneno mengi. Sasa wanajua sababu yake.