Mchezo wa Mama na Kompyuta ya Michezo

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka kuwasimulieni jambo lililonitoa nyumbani Jumamosi moja asubuhi, likanizungusha Kariakoo mpaka saa nane mchana, na likanirudisha nikiwa nimejifunza mambo ambayo kwa umri wangu huu sikutegemea kujifunza tena.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani huko Mbagala. Kama walivyo akina mama wengi wa jiji hili, naye anacheza mchezo. Mchezo ninaousema si wa mpira wala wa bao, ni ule wa kuchangiana fedha. Katika mchezo wao yako majina 40, kila jina hutoa shilingi 50,000 kwa juma, na kila juma jina moja hupokea milioni 2. Yeye ameandikisha majina mawili. Maana yake ni kwamba kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, wateja walipe wasilipe, lazima atoe shilingi 100,000. Mwezi uliopita zamu yake ilifika, majina yote mawili yakafuatana, akashika milioni 4.

Fedha hiyo ilikuwa na kazi hata kabla haijafika. Kazi ya kwanza ni mashine ya ovaloki, ile inayofunga pindo za nguo zisifumuke, ambayo siku zote anaitumia kwa jirani kwa kulipia. Amekwisha kuiahirisha mara mbili: mara ya kwanza kwa ada, mara ya pili kwa msiba. Kazi ya pili ni kompyuta ya mwanawe, kijana wa mwaka wa pili chuoni, anayesomea kutengeneza picha na katuni kwa kompyuta. Hapo ndipo simu iliponijia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nimeiona kompyuta."

Kompyuta aliyoiona ilikuwa ni ile inayoitwa ya michezo, yenye taa za rangi chini ya herufi, na bei yake ni shilingi milioni 6 na laki 3. Kwa hesabu yake, mama atoe milioni 4 zote, na mjomba aongeze milioni 2 na laki 3. Na kwa bahati mbaya fedha kama hiyo ninayo, nimeiweka kwa ajili ya mabati ya kibanda changu cha Chanika. Jambo hilo mpwa wangu alilijua. Katika ukoo wetu siri ya fedha haidumu.

Nami, kama mjomba yeyote, nilikwisha kuwa na jibu mfukoni. Pale Kariakoo zimejaa kompyuta zilizotumika maofisini huko ng'ambo, nyingi zikipitia Dubai, imara kabisa, na kwa shilingi laki 7 na nusu unapata moja nzuri. Mimi mwenyewe ninayo, na maneno haya nimeyaandikia humo. Nikamwambia kijana kwamba anataka kucheza gemu kwa jasho la mama yake, asitufanye sisi watoto. Nilisema kwa ukali kidogo, nakiri.

Hakubisha. Alikuja nyumbani na kompyuta anayoitumia sasa, ambayo ni ndugu wa hii yangu, akaifungua na kunionyesha kazi ya chuo: mwanamke anachota maji bombani, sekunde 10 tu. Programu anayoitumia inaitwa Blender, nayo haiuzwi, hutolewa bure. Alinieleza kuwa kila sekunde moja ya mwendo ina picha 24, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 240, na kila picha kompyuta lazima ihesabu mwanga unavyopiga ukuta, unavyopita kwenye maji, unavyorudi usoni. Akaiwasha saa mbili usiku, tukala, tukalala. Asubuhi nilipoamka kwenda kuswali, ilikuwa bado inahesabu, imepata moto kama pasi, na picha 60 zilikuwa zimebaki. Palipopambazuka umeme ukakatika. Betri yake ilikwisha kufa zamani, basi na kompyuta ikazima.

Wasikilizaji wapenzi, pale nililimeza jibu langu. Kompyuta ya ofisini haina kadi ya picha ya peke yake. Kwa barua na mahesabu ya duka inatosha sana, lakini kumpa kijana huyu kompyuta hiyo ni sawa na kumpa mama yake sindano ya mkono na kumwambia ashone sare za shule nzima. Kwa hiyo rahisi yangu ilikuwa imeanguka. Ikabaki kuitazama ghali yake.

Ndiyo tukaenda Kariakoo.

Kwanza nataka kusema juu ya jina. Wataalamu wa Kiswahili wametupa neno zuri, kompyuta mpakato, yaani unaipakata kama mtoto. Ile ya milioni 6 na laki 3 haipakatiki. Ina uzito wa mtoto kweli, na ikifanya kazi inaunguza mapaja. Chaja yake peke yake ni kama tofali. Muuzaji alinipa niishike, nikasoma maandishi ya chini: wati 330. Nikamuuliza betri inakaa muda gani mtu akicheza gemu. Akasema, kwa uaminifu ambao nilimshukuru, kama saa moja, na hata katika saa hiyo inapunguza nguvu zake, kwani betri haiwezi kutoa umeme mwingi kama ukutani. Wala haiwezi kuongezwa ikawa kubwa sana, kwa sababu mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kupanda na betri inayozidi saa-wati 100 bila kibali, hivyo watengenezaji wanaishia 99 na kitu.

Ndani yake ilikuwa na kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4080, toleo la mwaka 2023, yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 12. Rafu ya chini palikuwa na kompyuta mbili zenye kadi ya RTX 4060 ya mwaka huo huo, gigabaiti 8. Moja nyembamba, ya bati linalong'aa, milioni 3 na laki 6. Nyingine nene, ya plastiki nyeusi, yenye matundu makubwa nyuma kama jiko la mchina, milioni 2 na laki 9 na nusu. Mimi ningeambiwa nichague kwa macho ningechukua ile nyembamba. Mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, jina ni moja lakini nguvu si moja."

Sikuamini mpaka nilipoonyeshwa. Kadi hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, mtengenezaji wa kompyuta anaruhusiwa kuilisha umeme tangu wati 35 mpaka 115, na nyingine huongezewa 25 juu yake. Anayetaka kompyuta nyembamba hana nafasi ya feni kubwa, basi anainyima kadi chakula isije ikaungua. Na boksi mara nyingi halisemi. Kijana aliomba ziwashwe zote mbili, akafungua ukurasa wa taarifa za kadi katika programu ya NVIDIA yenyewe, na pale panaandikwa kiwango cha juu cha umeme. Nyembamba: wati 65. Nene: 140. Ile ya bei ndogo ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Muuzaji alitazama kana kwamba naye anaona kwa mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Basi, msikilizaji unayekwenda kununua, hilo likumbuke: usiulize jina la kadi tu, uliza na wati zake, na mwambie akufungulie uone.

Sasa ikabaki nene ya milioni 2 na laki 9 na nusu, dhidi ya kubwa ya milioni 6 na laki 3. Hapa nisiwadanganye, ile kubwa ni bora, tena kwa mbali. Lakini nilitaka kujua kila shilingi ya ile tofauti inakwenda wapi. Skrini ya ile ndogo ina nukta 1920 kwa 1080, ambazo jumla yake ni milioni 2 na kidogo. Ya ile kubwa ni 2560 kwa 1600, yaani milioni 4 na kidogo. Kumbe sehemu ya nguvu unayoinunua kwa ile kubwa inatumika kujaza nukta za skrini yake mwenyewe mtu anapocheza! Sehemu nyingine ni nafasi ya kuhifadhia, nayo inaweza kuongezwa baadaye fedha ikipatikana, kwa maana zote mbili zina tundu la ziada. Taa za rangi sikuziulizia bei.

Mpwa wangu akanipinga kwa jambo moja, na hapo alinishinda. Alisema nafasi ya kuhifadhia inaongezwa, kumbukumbu ya kawaida nayo inaongezwa, lakini kadi imegandishwa humo ndani na ile gigabaiti 8 itabaki 8 mpaka kompyuta ife. Akija kutengeneza picha nzito, yenye mji mzima na watu wake, isipoenea humo itajikokota au itakataa. Kwa gigabaiti 12 angekwenda mbali zaidi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Atakayenunua ya bei nafuu ajue kabisa ameacha kitu.

Mwenye duka akatushauri kompyuta ya mezani, kwamba kwa fedha hiyo tungepata yenye nguvu zaidi, na kadi yake ikichakaa inachomolewa na kuwekwa nyingine. Ni kweli. Lakini kijana analala chuoni siku tano na Mbagala siku mbili, na sijaona kondakta wa daladala atakayekubali abiria mwenye boksi kama lile saa kumi na mbili jioni.

Tukaenda Mbagala kwa mwenye fedha. Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani, hakusimama. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sisi wanaume wawili hatukuwa tumelifikiria: "Inakula uniti ngapi?"

Tukakaa chini kuhesabu. Yeye yumo katika kundi la watumiaji wadogo wa umeme. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kompyuta ile kubwa ikifanya kazi nzito tuliikadiria wati 250. Kwa saa nne ni uniti moja, na wakati wa likizo, kila siku, ni uniti 30 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya theluthi ya zile 75. Ile ya plastiki nayo si malaika, tuliikadiria uniti 20 na kitu. Na hapo ovaloki haijachomekwa.

Akakata uzi kwa meno. "Kaka, wewe ungeongeza hiyo milioni 2?"

Nikamwambia ningeongeza. Na wasikilizaji wapenzi, ilikuwa kweli. Nilikwisha kuiona ile picha ya mwanamke na bomba, na kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona mabati yanaweza kungoja msimu mwingine wa mvua.

"Basi usiongeze," akasema. "Nikipokea kwako nitakuwa nacheza majina manne."

Kijana alinyamaza. Hakununa, lakini alitoka nje akakaa barazani muda mrefu, na mimi sikumfuata. Ana miaka 21. Alikuwa ameiota ile kompyuta mwaka mzima, na mama yake alikuwa ameiota ovaloki muda mrefu zaidi ya huo, na hapakuwa na fedha ya ndoto zote mbili kwa ukubwa wake. Aliporudi alisema, "Tuchukue ile nene, mjomba, ila kabla hawajafunga."

Tuliipata kwa milioni 2 na laki 9. Ovaloki ilipatikana Jumatatu kwa laki 8 na nusu, imetumika kidogo. Laki 2 na nusu iliyosalia, laki 1 na elfu 20 ilikwenda kwenye kifaa cha kulinda mashine zote mbili umeme unaporudi kwa kishindo, na iliyobaki mama ameizuia kwa ajili ya mchango wa mchezo, kwani kupokea si mwisho, majuma ya kulipia bado yapo.

Nimekwenda kuwaona Jumapili iliyopita. Chumba kile kimoja sasa kina kelele mbili, ovaloki upande wa mlango na feni za kompyuta upande wa dirisha, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye anayepiga kelele. Zile sekunde 10 za bomba zilimalizika kwa dakika 50. Wakati zikihesabiwa, kijana hakuwa na la kufanya, akanionyesha gemu moja ya mpira kwenye simu yake na kunifunga mabao 6.

Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nimekwisha kununua mabati.