Daftari la Mwalimu Halina Mdomo

Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi mbele ya wazazi na walezi wa Buyenzi, Gatumba na Kajaga, Bujumbura, mwanzoni mwa muhula wa pili wa masomo



Nilipoalikwa kuzungumza juu ya mahudhurio ya shule, mwalimu mmoja rafiki yangu aliniuliza, "Na polisi ana nini na daftari la mwalimu?" Swali lake lilikuwa la haki. Kazi ya kuita majina kila asubuhi si yetu, wala hatutaki kuinyang'anya. Lakini miaka niliyoitumikia kazi hii imenifundisha kwamba kwa wakazi wa mpakani, daftari la mahudhurio ndilo hujua kwanza kwamba mtoto hayupo. Hujua kabla ya jirani, mara nyingi kabla ya mama mzazi, na siku kadhaa kabla ya polisi. Tatizo lake ni moja tu: halina mdomo. Lisiposemewa na watu, alama ile ya wino hubaki palepale ilipoandikwa.

Nitawasimulia kisa kimoja, nikiyaacha majina. Alikuwa mvulana wa miaka 13, darasa la sita, mtoto wa mama anayeuza ndagala. Jumatatu alitoka nyumbani amevaa sare yake ya kaki, mkoba begani, kama siku zote. Mkobani hamkuwa na madaftari bali suruali na shati. Madaftari aliyaacha kwa rafiki yake. Mama aliporudi jioni hakumkuta, akaambiwa na mdogo wake kwamba kaka amekwenda kwa shangazi, Uvira. Hilo halikumshangaza. Baba wa nyumba ile hufanya kazi ng'ambo, na watoto wamezoea kwenda na kurudi. Jumanne ikapita. Jumatano jioni shangazi akapiga simu kwa jambo lingine kabisa, jambo la deni la unga, na mama akamwuliza habari za mtoto. Shangazi akasema, "Mtoto gani?"

Saa ile daftari la mwalimu lilikuwa tayari na alama tatu. Mvulana naye alikuwa Nyanza-Lac, kusini, pamoja na wenzake wawili na mtu mzima aliyewaahidi kazi ya shamba ng'ambo ya Mugina, upande wa Kigoma, na baiskeli mpya baada ya mavuno. Nasema kweli: hatukumpata kwa ujanja wetu. Alipatikana Alhamisi asubuhi kwa sababu ya mama muuza ndizi kituoni mwa mabasi, aliyeona kaptula ya kaki ikichungulia katika mkoba, akamwuliza, "Mwanangu, shule yako iko wapi?" Jibu alilopewa halikuwa na kichwa wala miguu, naye akamwita askari. Gari la kwenda Mugina lingetangulia kidogo tu, leo ningekuwa nasimulia kisa kingine.

Nimekitafakari sana kisa hiki, na sijamwona ndani yake mzazi mbaya wala mwalimu mbaya. Mama huondoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi samaki ufukweni. Mwalimu ana wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Mama alidhani shule inajua mtoto yuko kwa shangazi. Mwalimu alidhani nyumbani wanajua mtoto hakufika. Kila mmoja alimwekea mwenzake amana ambayo mwenzake hakuwa nayo. Na kati ya dhana hizo mbili pakapatikana siku tatu, ambazo kwa mtu anayewinda watoto ni muda mwingi mno.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mtasahau mengine yote nalishikilia hili, ni kwamba mtoto asipokwenda shule, nyumbani kuseme siku hiyohiyo. Si kesho, si mwisho wa juma atakapopona. Ana homa? Mpelekee mwalimu habari kwa mtoto wa jirani anayesoma shule hiyo, au kwa simu, au kwa karatasi yenye mstari mmoja. Kuna msiba? Sema kuna msiba, na sema siku atakayorudi. Habari hiyo ikiwa imefika, siku mwalimu atakapoona nafasi tupu bila habari yoyote, atajua papo hapo kwamba nafasi ile si ya kawaida. Tunapozoea kunyamaza, nafasi zote tupu hufanana.

Nanyi wakurugenzi, msinune: habari haina budi kwenda na kurudi. Kila shule iwe na namba mbili kwa kila mtoto, moja ya mzazi na moja ya jirani mwenye simu isiyozimika ovyo. Mtoto asipoonekana na habari isije, piga kabla ya saa sita mchana. Najua salio la simu hugharimu. Nimezungumza na kamati za wazazi katika mitaa miwili, nao wamekubali kuchangia, wengine igeni.

Sasa niseme juu ya neno "Uvira", kwa maana hapa ndipo penye uzito wetu sisi watu wa mpakani. Kwa mtu wa Gitega, mtoto aliye nchi nyingine ni habari kubwa. Kwetu sisi ni jibu la kila siku. Undugu wetu ulikuwako kabla ya kizuizi cha Gatumba, na hakuna askari mwenye akili atakayewaambia mkate undugu. Lakini jibu lililo rahisi mno ndilo humfaa mwongo. "Yuko Uvira" humfunika mtoto aliye kwa bibi yake, na humfunika vilevile yule anayebeba vidumu vya mafuta ya magendo kwa faranga chache, na yule aliye Nyanza-Lac. Mtoto akisemwa yuko ng'ambo, pigeni simu jioni ileile, msikie sauti yake mwenyewe. Akisafiri kwa ruhusa yenu, mwalimu ajue tarehe ya kurudi na jina la atakayempokea.

Isitoshe, mpaka una tabia yake. Machi 2020 ulipofungwa kwa ajili ya korona, shule zetu ziliendelea kufundisha wakati za Kongo zimefungwa. Mtoto aliyekuwa amekwenda kutembea siku mbili alijikuta hana pa kusoma huko, na hana njia ya kurudi huku. Tangu Februari 2025 tumewapokea ndugu zetu makumi ya maelfu waliovuka Rusizi wakikimbia vita, na miongoni mwao wamo watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Ukiwa umempokea mtoto wa aina hiyo nyumbani kwako, mwandikishe shuleni na mtambulishe kwa mkuu wa mtaa. Mtoto asiye na jina katika daftari lolote hawezi hata kukosekana.

Wapo pia wanaozuiliwa na wazazi wenyewe. Tambarare ya Imbo ina mpunga, na mpunga una ndege. Tangu zamani kuamia ndege ni kazi ya watoto. Mimi mwenyewe nimeamia, na bado naikumbuka njaa ya saa tano. Sitasimama hapa kumlaumu mkulima ambaye shamba lake likiliwa nyumba nzima hulala njaa. Namwomba afanye hesabu. Shule zetu nyingi huingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mtoto wa zamu ya mchana aweza kuwa shambani alfajiri na bado akawahi darasa. Majirani watatu wakipanga watoto wao kwa zamu, hakuna atakayepoteza juma zima. Ila kumpeleka mtoto kazini kwa mtu mwingine kwa ujira ni jambo jingine, na sheria ya kazi imeweka umri wa miaka 16.

Zamu hizo zina mtego wake. "Mama, juma hili tunaingia mchana." Wangapi hapa wamelisikia hilo? Naona mnacheka. Mtoto hulisema asubuhi kwa baba, na mchana humwambia shangazi kwamba ametoka darasani tayari. Hata askari wa doria hawezi kumtambua, kwa kuwa saa nne asubuhi barabarani huwamo watoto wengi wa kaki wasio na kosa lolote. Ni nyinyi mnaojua zamu ya mwanenu. Na kama hujui, fungua daftari lake la masomo kila Jumamosi utazame tarehe. Usiyejua kusoma, mwite kijana wa jirani akusomee tarehe tu. Mtoto aweza kukudanganya wewe na kunidanganya mimi. Kurasa zilizoruka kutoka tarehe 12 hadi tarehe 19 hawezi kuzijaza kwa siku moja.

Ukigundua kwamba amekuwa akikosa, usianze na fimbo. Silisemi kwa upole wa vitabuni. Mtoto anayeogopa kipigo cha kukosa siku moja hukosa ya pili ili kuificha ya kwanza, na mwishowe huogopa kurudi nyumbani kabisa. Wengi tunaowakuta wakilala nje usiku walianza hivyo. Muulize kwanza nani na wapi. Huenda hana daftari, naye anaona haya kusema, maana ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2005 lakini kalamu na sare bado ni juu ya mfuko wako. Huenda anaonewa njiani. Binti huenda anakosa siku kadhaa kila mwezi kwa jambo la kimaumbile ambalo kina mama hapa wanalijua na kina baba tunajifanya hatulijui. Fedha ya vitambaa ni sehemu ya fedha ya shule.

Na binti aliyependa masomo akiacha shule ghafla, akawa hasemi, msikimbilie kusema amekua. Huenda kuna mtu aliyemdhuru, mtaani, njiani, ndani ya ukoo au hata shuleni. Mambo haya bado yanamalizwa kimyakimya kwa mbuzi na kreti za bia, wazee wakipeana mikono. Mtoto hakupewa mkono. Kumwingilia mtoto ni jinai, na hakuna baraza la familia lenye mamlaka ya kuisamehe. Mlete kwetu, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na daktari.

Kuna kosa jingine dogo ambalo hutuumiza sisi kazini. Akina mama, mnapowaambia watoto, "Nyamaza, nitamwita polisi," mnatuvunjia daraja. Siku mtoto huyo atakapovutwa mkono na mtu asiyemjua pale Nyanza-Lac, atamwona askari na kujificha. Kukosa shule si jinai, na mtoto aliye chini ya miaka 15 hashtakiwi kwa sheria zetu hata kwa kosa la kweli. Anayeshtakiwa ni yule aliyemchukua. Sheria ya tarehe 29 Oktoba 2014 dhidi ya biashara ya binadamu inamtaka afungwe miaka 15 hadi 20 ikiwa aliyemwuza ni mtoto, na haijali kama alikuwa mjomba au mgeni.

Mtoto asiporudi jioni, msingojee. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba ni lazima saa 24 zipite ndipo polisi wapokee habari. Neno hilo nimelikuta kila mtaa, na halina msingi. Njooni usiku uleule. Leteni picha kama ipo, mseme nguo alizovaa, rafiki aliyeandamana naye, na namba aliyopenda kupiga. Hakuna malipo. Yeyote atakayewaomba hata faranga moja ili aandike taarifa hiyo, nileteeni jina lake. Na mwenye neno zito asilotaka kulisema kituoni, ipo namba 116, Yaga Ndakwumve, ya bure, kwa ajili ya habari za watoto.

Mmeniuliza mara nyingine kwa nini naling'ang'ania daftari hili. Mimi ni wa kizazi kilichokuwa darasani Oktoba 1993. Shule yetu ilipofunguliwa tena, mwalimu alichukua daftari la zamani akaita majina yote, hata ya wale ambao sisi watoto tulijua hawatarudi. Kwa kila jina lisilojibiwa alinyamaza kidogo, akaandika alama yake, akaendelea. Wakati ule hakukuwa na wa kumpelekea alama zile. Mwalimu wa leo anaye.

Wakurugenzi wa shule wamekaa kwenye meza ile karibu na mlango, kila mmoja na orodha yake. Piteni mmoja mmoja mwandikishe namba mbili na zamu ya mtoto. Waliotoka Gatumba na Kajaga watangulie, maana basi lao halitangoji magharibi. Asiye na simu aje kwangu, tutatafuta jirani yake humuhumu ukumbini.