Ng'ombe Naye Asajiliwe: Kujaribu Dawa za Brusela Nyamira



Hapa Kebirigo mtu akishikwa na homa, viungo vikamuuma, majirani humtuma akapimwe malaria, taifodi na brusela kwa mkupuo. Mwaka 2015 wataalamu waliiweka brusela katika magonjwa matano ya wanyama yanayostahili kushughulikiwa kwanza nchini, pamoja na kimeta, malale, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa. Hiyo ya mwisho imepata wafadhili, na chanjo yake ya binadamu inajaribiwa Kilifi. Brusela haina bahati hiyo. Dawa zake, doksisaiklini na wenzake, ni za zamani na bei yake ni ndogo. Hakuna kampuni itakayotajirika kwa kuzijaribu upya. Jaribio likija litakuwa letu wenyewe.

Litaharibika kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa, tusipoangalia. Kwa miaka mingi zahanati zetu zimetegemea kipimo cha haraka: tone la maji ya damu na tone la dawa ya rangi juu ya kigae cheupe, fundi wa maabara anatikisa, anatazama kama vichembe vinagandana. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2017 ulikuta kipimo hicho kikimpa brusela takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwa kipimo cha kuaminika zaidi, Rose Bengal, hawakufika hata wawili kwa mia.

Sasa linganisheni dawa mbili kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kipimo hicho cha haraka. Wengi wao wana homa nyingine, ambayo huenda ikapoa yenyewe. Kundi hili litapona, lile nalo litapona, nasi tutaandika kwa furaha kwamba dawa zinalingana. Ubaya wa jaribio kama hilo ni kwamba matokeo yake yanapendeza. Asisajiliwe mtu kwa kipimo kimoja, basi.

Kisha kuna maziwa. Amabere amaruranu, maziwa yetu ya mgando, ni chakula cha heshima Ugusii, lakini yakigandishwa bila kuchemshwa kwanza, uchachu peke yake si kinga ya kutegemea dhidi ya brusela. Mgonjwa anameza dawa wiki sita, anapata nafuu, anarudi kwa maziwa ya ng'ombe yuleyule. Akiugua tena mwezi wa nne, dawa imeshindwa au ameambukizwa upya? Aliye kliniki hawezi kujua. Ng'ombe apimwe siku mgonjwa anaposajiliwa, na daktari wa mifugo awe mtafiti kamili, si mgeni wa kualikwa chai.

Kuna pia dawa za sindano. Sindano za kila siku kwa wiki mbili au tatu zinafaa kwa aliyelazwa. Mchuma chai ana majani ya kufikisha kwenye kituo cha kupimia chai yangali mabichi. Atakosa sindano kabla ya kukosa mizani.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa Ekegusii, sawa, lakini swali gumu halimo humo. Mara nyingi anayekamua ni mama, na mwenye ng'ombe ni baba. Ng'ombe akikutwa na brusela hatibiwi. Anapaswa kuchinjwa, na huyo ndiye karo ya watoto. Naomba fungu la kumlipa mfugaji liandikwe kwenye bajeti kabla pendekezo halijafika kwa kamati ya maadili. Bila hilo watatuletea wagonjwa, ng'ombe watawaficha.