Tumwandae Binti Kabla ya Hedhi Yake ya Kwanza

(Hotuba kwa wazazi na mabinti wa Segese)



Jambo nitakalolizungumza leo ni nadra kutajwa mbele ya watu, nalo ni hedhi, khasa hedhi ya kwanza ya msichana. Huenda wako watakaoinamisha vichwa kwa kuona haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya haikuwekwa ili imfiche mtu elimu ya dini yake na ya mwili wake. Hadhrat Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansar kwa sababu haya yao haikuwazuia kuuliza mambo ya dini. Naye Mtume wetu Mtukufu s.a.w. aliulizwa na wanawake juu ya damu, juu ya kuoga na juu ya kitambaa cha kujisafishia, akawajibu wote wala hakumfukuza hata mmoja. Kama yeye hakuona tabu kujibu, sisi tunaona aibu ya nini?

Msichana wa Banu Ghifar

Imepokewa katika Sunan Abu Daud, na pia katika Sira ya Ibn Is-haq, khabari ya msichana wa kabila la Banu Ghifar aliyetoka pamoja na wanawake wenzake katika safari ya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, ili kuwahudumia majeruhi. Alikuwa mdogo wa umri, na Mtume s.a.w. alimpandisha nyuma ya tandiko la ngamia wake. Waliposhuka asubuhi, msichana yule aliona damu juu ya tandiko, nayo ilikuwa hedhi yake ya kwanza. Akajikunyata kwa aibu. Mtume s.a.w. alipoiona hali yake na ile damu, alimuuliza kwa upole kama huenda ameingia hedhini. Alipokubali, alimwelekeza ajitengeneze, kisha achukue chombo cha maji, atie chumvi ndani yake, aoshe tandiko, halafu arudi kwenye kipando chake. Baada ya Khaibar alimpatia sehemu ya mali iliyopatikana kama alivyowapatia wanawake wengine. Wapo wanazuoni wenye kuuona upokezi wa hadithi hii kuwa na udhaifu, lakini maana yake inaafikiana na hadithi nyingi sahihi juu ya mwenendo wake kwa wanawake.

Ndugu zangu, tazameni mambo matatu. Kwanza, alimuuliza kwa upole wala hakumkemea kwa kuchafua tandiko. Pili, alimfundisha la kufanya, akamtajia maji na chumvi. Tatu, alimwambia arudi kwenye kipando chake, yaani safari yake haikukatika kwa sababu ya damu. Upole, maarifa pamoja na vifaa, na kuendelea na safari: hizi ndizo haki tatu za kila binti siku ile inapomfikia.

Haki ya kwanza: upole na heshima

Qurani Tukufu katika Sura Al-Baqara inaitaja hedhi kuwa ni udhia, na inawakataza waume kuwaingilia wake zao mpaka watakasike. Haikusema mwanamke mwenyewe ni najisi. Hadhrat Aisha r.a. alipoingia hedhini njiani kwenda Hija akalia, Mtume s.a.w. alimliwaza kwa kumweleza kwamba hili ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, naye afanye yote afanyayo Haji isipokuwa kutufu Kaaba. Mtume s.a.w. alikunywa mahali pale pale pa chombo alipokunywa mkewe akiwa hedhini, na aliegemeza kichwa chake mapajani mwake huku akisoma Qurani.

Basi yanatoka wapi maneno kwamba msichana aliye hedhini asitie chumvi mchuzini, asiingie bustani ya mboga, asioge, au asile pamoja na wenzake? Hayamo katika dini yetu. Msichana wa Banu Ghifar aliamrishwa kuishika chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

Ukali wa ulimi unaweza kuua. Mwezi Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Kwa maelezo ya familia yake, damu ilikuwa imechafua nguo zake akiwa darasani, akaambiwa kuwa ni mchafu na kutolewa nje. Enyi vijana wa kiume mnaonisikiliza, mkiona doa katika nguo ya dada yenu, msicheke. Mpeni kitu cha kujistiri, mkaendelee na shughuli zenu.

Haki ya pili: maarifa na vifaa

Sasa nasema nanyi, mabinti zangu. Hedhi ya kwanza huja kwa kawaida kati ya umri wa miaka 9 na 15. Mfuko wa uzazi hujiandaa kila mwezi, na usipopata mimba hutoa utando wake pamoja na damu. Haitokani na jeraha wala maradhi. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7, na ingawa huonekana nyingi, kwa kawaida jumla yake ni vijiko vichache tu vya chakula. Katika miaka miwili ya mwanzo siku zake hazina mpango; huweza kupita siku 21 au hata 45 kutoka hedhi moja hadi nyingine. Kwa hiyo mama asikimbilie kumtuhumu binti kila siku zinapochelewa. Wekeni alama katika kalenda ili mjue siku zenu.

Kitambaa au taulo ya kike ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Asiye na uwezo wa kununua taulo za dukani anaweza kushona za kwake: achukue kanga au fulana kuukuu ya pamba, aifue na kuichemsha, aikate, aikunje tabaka kadhaa na kuipinda kingo. Vipande sita hivi vinatosha kubadilishana. Vioshwe kwanza kwa maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha damu, kisha kwa sabuni, na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Wasichana wengi huvificha chini ya godoro kwa aibu, navyo hubaki na unyevu na kuleta wadudu wa maradhi. Baba wa nyumba, weka kamba ya kuanikia mahali penye jua na sitara. Hiyo ni sadaka kwa binti yako.

Nasi tunaoishi katika nchi ya dhahabu tuna tahadhari ya ziada. Maji ya mialo inakochenjuliwa dhahabu, na ya madimbwi yaliyo karibu na marudio, huweza kuwa na zebaki au sayanaidi. Msiogee maji hayo, wala msifulie humo vitambaa vya kuweka mwilini.

Maumivu ya tumbo ni ya kawaida. Chupa ya maji ya uvuguvugu tumboni na kutembea kidogo husaidia. Kuleni maharage, choroko, mchicha, matembele na dagaa ili kurudisha damu, na chai isinywewe pamoja na chakula kwa kuwa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Nendeni zahanati ikiwa damu inazidi siku 7, au kitambaa kinalowa kabisa kila saa moja au mbili, au kuna homa na harufu mbaya, au maumivu yanakulazeni kitandani, au umri umefika miaka 15 na hedhi haijaonekana.

Ama ibada, hedhi ni moja ya alama za kubalehe, na tangu hapo Sala na Saumu ni faradhi juu yenu. Wakati wa hedhi hamsali wala hamfungi. Sala hazilipwi, lakini siku za Ramadhani zinalipwa baadaye. Mlango wa dua na wa kumtaja Mwenyezi Mungu hubaki wazi, na kusikiliza Qurani pia. Mtume s.a.w. aliamrisha hata wenye hedhi watoke siku ya Idi wakahudhurie kheri na dua, wakijitenga tu na mahali pa kusalia. Damu ikikoma, tieni nia, jisafisheni, na mwage maji mwili mzima mpaka yafike kwenye mizizi ya nywele, kisha salini. Damu ikivuka muda wa hedhi, ambao kwa madhehebu ya Hanafi hauzidi siku 10 na kwa Shafii siku 15, hiyo ni istihadha. Mwenye istihadha huoga, hutawadha na kusali, tena aende akapimwe. Na ninyi wenye nyumba, mkimwona msichana anakula mchana wa Ramadhani, msimuulize mbele ya watu.

Haki ya tatu: kuendelea na safari

Safari ya binti wa leo ni elimu. Msichana anayekaa nyumbani siku nne kila mwezi hupoteza masomo mengi kwa mwaka. Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu moja la choo kwa kila wasichana 20 shuleni. Wazazi walio katika kamati za shule waulize: je, matundu yapo? Je, kuna maji, mlango wenye komeo, na mahali pa kutupia au kuoshea vitambaa?

Wala tusingoje bei ishuke. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha, ikieleza kwamba bei kwa mnunuzi haikupungua. Aliyetegemea kodi ile alirudi pale pale. Aliyejifunza kushona ana vitambaa vyake.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya nchi yetu hii, kutoka Kahama na Msalala mpaka Geita. Karibu na kila duara la dhahabu wapo wanaume wenye fedha za leo na wasio na mpango wa kesho. Msichana aliyekosa taulo nyumbani, akaogopa kumwambia mama, akakosa ujasiri wa kumwambia baba, humpata mtu wa kumnunulia. Huanza na taulo na sabuni, kisha hutakiwa malipo. Baba aliyeona haya kutoa fedha ya taulo atakuja kuona haya kubwa zaidi. Kwa hiyo, ewe baba, fedha ya taulo uihesabu katika matumizi ya nyumba kama unavyohesabu chumvi na sabuni, bila kungoja kuombwa. Kama hakuna mama nyumbani, mtafute shangazi au bibi mwaminifu amfundishe.

Na tusidhani kwamba damu ya kwanza ni hati ya ndoa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 uliutaja mkoa wetu wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, asilimia 59. Mwili ulioanza hedhi bado haujakomaa kwa uzazi. Nyonga ni nyembamba, na mimba za umri huo huleta uchungu uliokwama, fistula na vifo. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Ng'ombe wa mahari huisha, lakini kilema cha binti hubaki.

Ndugu zangu, nawaombeni jambo moja mkitoka hapa. Kila mama mwenye binti wa miaka 9 au zaidi akae naye wiki hii, kabla damu haijaonekana, amweleze kwa maneno mepesi, amshonee vitambaa na kumwonyesha kamba ya kuanikia. Na kila baba atoe fedha ya kitambaa na sabuni. Binti aliyeandaliwa hivyo, siku yake ikifika, atajitengeneza, aoshe nguo yake, na arudi darasani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu, atupe sisi wazazi upole wa Mtume wake s.a.w., na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kwanza wanapokimbilia. Amin.